Nafasi za Wanawake Kwenye Ubingwa: Zihesabiwe Kuanzia Wapi?

Mashindano ya ubingwa hayawezi kumchukua kila anayetaka kwenda. Uwanja una mwisho, malazi yana mwisho, na fedha za kambi ndizo zinazokwisha mapema kuliko vyote. Kwa hiyo lazima kuwe na mchujo, na mchujo lazima uwe na kanuni. Kanuni hiyo ndiyo inayoamua nani ataitwa bingwa na nani hatajulikana kabisa, lakini mara nyingi hupangwa ofisini, muda mrefu kabla filimbi haijapulizwa, na watu wachache sana huihoji.

Uchambuzi huu unahusu kanuni hiyo pale inapomgusa mwanamke. Je, nafasi za kufuzu zigawanywe nusu kwa nusu kati ya wanawake na wanaume? Zifuate idadi ya waliojitokeza? Ziende kwa wenye muda bora tu? Au kila eneo litengewe fungu lake? Maswali haya yamegombaniwa kwa miaka mingi katika traiathloni ya masafa marefu, mchezo ambao mtu huogelea, huendesha baiskeli na kumalizia kwa kukimbia bila kupumzika katikati. Wilayani Kibiti na katika delta ya Mto Rufiji hakuna traiathloni, ila swali lenyewe lipo. Huja kila mwaka msimu wa mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari unapowadia, walimu wanapokaa kuandika majina ya watakaokwenda.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: kanuni inayogawa nafasi kwa kuhesabu wanawake waliofika kwenye mstari wa kuanzia haiwezi kuwa ya haki, kwa sababu safari ya kufika kwenye mstari huo imekwisha kuwachuja.

Mgogoro wa Hawaii

Traiathloni ndefu iliyo maarufu kuliko zote, Ironman, ilianza mwaka 1978 katika kisiwa cha Oahu, Hawaii. Walioanza walikuwa 15, wote wanaume. Mwaka uliofuata akajitokeza mwanamke mmoja, mwendesha baiskeli Lyn Lemaire, akamaliza wa tano kati ya washiriki wote. Umbali wa mbio hizo ni kilomita 3.8 za kuogelea, 180 za baiskeli na 42.2 za kukimbia, yaani marathoni kamili mwishoni mwa siku ambayo tayari imemmaliza mtu nguvu. Baadaye mbio hizo zilihamia Kona, katika kisiwa kikubwa cha Hawaii, zikawa ubingwa wa dunia. Kwa kawaida huendi kwa kulipa kiingilio tu. Unatakiwa kufuzu kwanza katika mbio nyingine za mfululizo huo zinazofanyika sehemu mbalimbali za dunia.

Hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Kufikia mwaka 2015, upande wa wanariadha wa kulipwa, Kona ilikuwa inatenga nafasi 50 kwa wanaume na 35 kwa wanawake. Wanawake wakadai zao 50, na miongoni mwa waliowaunga mkono alikuwamo Chrissie Wellington wa Uingereza, bingwa mara nne wa mbio hizo. Hoja ya waandaaji ilikuwa ni uwiano: wanawake wa kulipwa ni wachache kuliko wanaume, kwa hiyo nafasi zao nazo ziwe chache. Wanawake wakajibu kwamba kufuzu kulitegemea kukusanya pointi, na mwenye nafasi 35 tu za kugombea hulazimika kushindana mara nyingi zaidi ili asiachwe, akafika Kona mwili umechoka. Uchache wa nafasi ulikuwa unaharibu hata ubora wa waliopata.

Kwa washiriki wa kawaida, wasiolipwa, utaratibu wa miaka mingi ulikuwa kuwagawa kwa jinsia na umri, miaka mitano mitano. Kila kundi lilipata angalau nafasi moja, zilizobaki zikafuata ukubwa wa kundi. Makundi ya wanaume wa miaka 40 hivi yalijaa watu, yakapata nafasi nyingi. Makundi mengi ya wanawake yaliishia na ile moja.

Mwaka 2023 likajaribiwa jambo kubwa. Ubingwa uligawanywa: wanaume wakaenda Nice, Ufaransa, na wanawake wakapewa Kona na siku nzima ya peke yao. Siku hiyo ya Oktoba wanawake zaidi ya 2,000 walianza mbio, na Lucy Charles-Barclay wa Uingereza akashinda. Wapo waliosema nafasi zimekuwa nyingi mno, kwamba zinateremka hadi kwa watu ambao zamani wasingefikiriwa. Lakini hakuna aliyeweza tena kusema kwamba wanawake wa kuijaza siku hiyo hawapo. Utaratibu wa kugawa miji ulidumu hadi 2025, na ukatangazwa mpango wa kurudisha jinsia zote mbili Kona kwa siku moja kuanzia 2026. Mgogoro wa nafasi ukarudi pamoja nao.

Afrika Mashariki iliingia katika mfululizo huu mwaka 2022, pale mbio za nusu umbali zilipofanyika Rubavu, Rwanda, kando ya Ziwa Kivu, jirani kabisa na Goma. Kwa hiyo kanuni hizi zinazopangwa mbali zina mlango wao hata ukanda huu, na mwanamke wa Afrika Mashariki anayetaka kwenda ubingwa wa dunia wa nusu umbali atazikuta papo hapo Rubavu.

Kanuni nne, kila moja na kasoro yake

Kanuni ya kwanza ni uwiano. Tuseme mbio zina washiriki 1,000, wanaume 850 na wanawake 150, na nafasi za ubingwa ni 40. Kwa uwiano, wanaume watapata 34 na wanawake sita. Kwa kuangalia juu juu, hakuna aliyeonewa, kwani kila jinsia imepata nafasi nne kwa kila washiriki 100. Sasa zigawe zile sita kwenye makundi ya umri. Wasichana wa miaka ishirini, kina mama wa miaka arobaini, wanawake wa miaka sitini, kila kundi linabaki na moja, na mengine yanaweza kukosa kabisa. Mwanamke aliyemaliza wa pili katika kundi lake anarudi nyumbani hata kama kwa uwezo wake angekuwa miongoni mwa bora duniani, kwa kuwa tu aliyemshinda naye alikuwa hodari. Mwanaume aliyemaliza wa nne au wa tano katika kundi kubwa anakwenda. Kwa kundi zima hesabu inakaa sawa, lakini kwa mwanariadha mmoja mmoja haikai.

Kanuni ya pili ni nusu kwa nusu. Hii ndiyo iliyochukuliwa na traiathloni fupi ya Olimpiki. Mchezo huo ulipoingia Sydney mwaka 2000, wanawake na wanaume waliingia pamoja, na Paris 2024 kila jinsia ilikuwa na nafasi 55. Michezo yote ya Paris kwa jumla ilipangwa kwa nafasi sawa za wanawake na wanaume. Faida yake ni uwazi, maana haihitaji fomula na kila mtu anaweza kuikagua. Kasoro yake ni kwamba inanyamaza kuhusu wanawake gani. Nusu ya nafasi inaweza kujazwa na wanawake wa nchi chache tajiri, au wa mji mmoja tu, na hesabu bado ikasomeka vizuri.

Kanuni ya tatu ni kiwango cha muda. Boston Marathon inaitumia kwa washiriki wa kawaida: katika kila kundi la umri, muda anaotakiwa kuufikia mwanamke unazidi wa mwanaume kwa dakika 30. Kwa marathoni ya Paris 2024 kiwango kilikuwa saa 2:08:10 kwa wanaume na saa 2:26:50 kwa wanawake, na kila jinsia ilitengewa nafasi 80. Huku si kuwapendelea wanawake. Mashindano ya wanawake yanamtafuta mwanamke bora, na kipimo chake lazima kitokane na mbio za wanawake.

Ugumu huanza pale tunapouliza kipimo kimetengenezwa na nani. Kwa ajili ya Kona ya 2026 waandaaji wa Ironman walitangaza mfumo unaorekebisha muda wa kila mtu kwa umri na jinsia yake, wakilinganisha na muda wa waliofanya vizuri Kona miaka ya karibuni. Kitaalamu unavutia. Lakini ukichukua kipimo kutoka kwa kundi lililokuwa na nafasi chache, unapima kwa waliokwisha kuchujwa vikali. Kundi la wanawake lililopenya kwenye tundu dogo huwa na wastani mkali, na kipimo kinachotokana nalo humbana yule anayekuja. Hivyo uonevu wa jana unaweza kujificha ndani ya namba za leo bila mtu yeyote kukusudia.

Kanuni ya nne ni fungu la eneo. Olimpiki inaitumia katika kuogelea: nchi isiyo na waogeleaji waliofikia viwango inaweza kupewa nafasi ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Tanzania ilipeleka Paris Collins Saliboko na Sophia Latiff katika mchezo huo. Bila kanuni hiyo nchi nyingi za Afrika zisingeonekana kwenye bwawa la Olimpiki. Kasoro yake ni kwamba fungu la taifa humfikia kwanza aliye karibu na vifaa. Mtu anaweza kukulia delta ya Rufiji, akavuka maji kila siku ya maisha yake, asione bwawa la mita 50 wala saa ya kupimia. Nafasi ya Tanzania ipo, ila njia ya kutoka Salale au Mbwera, huko delta, kuifikia haijachorwa.

Idadi hufuata nafasi

Wanaotetea uwiano husema wanawake wakiongezeka, nafasi nazo zitaongezwa. Historia ya riadha inaonyesha mambo yakienda kinyume: nafasi hufunguliwa kwanza, watu wakafuata.

Mwaka 1928 wanawake walikimbia mita 800 kwenye Olimpiki ya Amsterdam. Wakuu wa michezo wakadai mbio hizo zinawazidi nguvu, wakaziondoa, na hazikurudi hadi Rome mwaka 1960. Marathoni ya wanawake iliingia Olimpiki mwaka 1984 tu, miaka 88 baada ya ile ya wanaume. Kule Boston, Bobbi Gibb alikimbia mwaka 1966 bila namba kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa. Mwaka 1967 Kathrine Switzer alijiandikisha kwa herufi za kwanza za majina yake, na afisa mmoja akajaribu kumtoa barabarani kwa nguvu. Ruhusa rasmi ilitoka mwaka 1972. Mtu angehesabu wanawake wa Boston mwaka 1965 angepata sifuri, na kwa kanuni ya uwiano angewatengea nafasi sifuri. Hesabu yake ingekuwa sahihi kabisa, na ingekuwa dhuluma kabisa.

Nyumbani pia tuna ushahidi. Mwaka 1965, katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Brazzaville, Theresia Dismas alishinda medali ya fedha ya kurusha mkuki. Wakati huo nchi haikuwa na kundi kubwa la wanawake warusha mikuki. Alikuwapo mmoja aliyepewa nafasi ya kwenda. Septemba 2023 Magdalena Shauri alimaliza wa tatu Berlin Marathon kwa saa 2:18:41, rekodi ya taifa. Katika marathoni ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, Tanzania ilikuwa na wanaume wawili na mwanamke mmoja. Paris 2024 ilikuwa na wawili kwa wawili: Alphonce Simbu na Gabriel Geay, Magdalena Shauri na Jackline Sakilu. Katika miaka mitatu pengo lilizibika.

Wala Mtanzania hahitaji kwenda kwenye michezo kuuelewa ukweli huu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe saba, na angalau watatu wawe wanawake. Haikusema wanawake wapewe nafasi kulingana na idadi ya waliozoea kusimama na kusema mkutanoni. Ingesema hivyo, vijiji vingi vingekuwa na mabaraza ya wanaume watupu. Waliotunga sheria walielewa kwamba ukimya wa mwanamke mkutanoni hauonyeshi kwamba hana la kusema. Kwa nini basi kwenye michezo tunachukulia kutokuwapo kwa msichana uwanjani kama dalili kwamba hataki kucheza?

Delta: mchujo unaoanzia majini

Wilaya ya Kibiti ilimegwa kutoka Rufiji katikati ya muongo uliopita. Ina sura mbili. Upande mmoja ni wa nchi kavu, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi, penye Bungu na Kibiti mjini. Upande wa pili ni delta yenyewe, kata kama Salale, Mbuchi, Msala, Maparoni na Kiongoroni, ambako mto hugawanyika mikono mingi kabla ya kuingia baharini, na mikoko hufunika zaidi ya hekta 50,000. Huko barabara ni maji.

Ngazi ya michezo ya shule inajulikana: shule, kata, halmashauri, mkoa, taifa. Kwenye karatasi, msichana wa Maparoni na msichana wa Bungu wanaanzia mahali pamoja. Tuitazame safari yao kwa karibu.

Mashindano ya halmashauri yamepangwa kuanza saa mbili asubuhi nchi kavu. Msichana wa Bungu anaamka, anakunywa chai, anapanda gari na kufika. Msichana wa delta anategemea maji. Yakipwa, vijito vinabaki matope na boti inakaa kusubiri. Yakijaa, inaondoka, hata kama ni usiku. Saa ya kuondoka haipangwi na mwalimu wa michezo. Inapangwa na mwezi, na bamvua haliingii na kutoka kama maji mafu. Kwa hiyo lazima atoke siku moja kabla. Boti inahitaji mafuta, na ikifika bandarini Nyamisati panahitajika gari la kuwapeleka wanafunzi Bungu na kuendelea. Akifika, atalala wapi? Kundi la wavulana litatandikiwa darasani na mwalimu mmoja atawaangalia. Kwa msichana mzazi anauliza, na ana haki ya kuuliza: matroni ni nani, mlango unafungwa na nini, choo kiko wapi, akiingia kwenye siku zake atasaidiwa na nani. Asipopata jibu, anasema binti yangu haendi. Msichana huyo ametolewa mashindanoni, wala hajashindwa na yeyote.

Ongeza kalenda. Michezo ya shule hukusanya nguvu katikati ya mwaka, wakati ambao mpunga wa Rufiji unakomaa na kuvunwa. Familia nyingi huhamia shambani, kwenye dungu, kulinda ndege na nguruwe, na watoto huenda nao. Mafuriko nayo hayamsubiri mtu, kwani yale ya Aprili 2024 yalizamisha mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti, wiki chache tu kabla ya msimu wa michezo. Katika nyumba iliyopoteza chakula, wa kwanza kuambiwa abaki asaidie mara nyingi ni binti.

Ongeza tena kikwazo kisichoonekana haraka, nacho ni hesabu ya michezo badala ya hesabu ya watu. Kwa miaka mingi tumeridhika kwamba wavulana wana soka na wasichana wana netiboli, mchezo mmoja kwa mmoja. Lakini timu ya soka ina wachezaji 11 uwanjani na ya netiboli saba. Boti ikiwa na nafasi za kuhesabu, timu mbili "sawa" zinapakia wavulana wengi na wasichana wachache. Soka la wasichana limeingia katika michezo ya shule na limepunguza pengo hilo, mahali ambapo shule imeweza kuunda timu. Shule ndogo ya delta yenye wasichana wachache haiwezi kuunda kila timu, na mkimbiaji wake hodari anaweza kukosa safari kwa sababu tu hayumo kwenye timu yoyote.

Mwisho wa yote, afisa anapohesabu wasichana wa delta waliofika kwenye mchujo wa halmashauri, anakuta wachache. Akitumia uwiano, atawatengea nafasi chache au asiwatengee kabisa. Mwaka unaofuata mwalimu wa kisiwani, akijua hakuna nafasi inayomsubiri mtu wake, hatahangaika kutafuta mafuta ya boti. Hivyo uchache wa mwaka huu unazaa uchache wa mwaka kesho, na baada ya muda watu wanasema wasichana wa delta hawapendi michezo.

Wanaopinga wanasemaje

Hoja ya kwanza ya wapinzani ni ubora. Wanasema nafasi za kutengewa huleta wachezaji dhaifu. Hofu hiyo ina maana yake, na si busara kuipuuza, kwa sababu msichana anayepelekwa bila maandalizi anaweza kuaibishwa na asirudi tena. Lakini tutazame Serengeti Girls. Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 mwaka 2022 nchini India lilikuwa na timu 16, na Afrika yote ilitengewa nafasi tatu. Tanzania ilichukua moja. Wasichana wetu waliifunga Ufaransa 2–1, wakatoka sare ya 1–1 na Canada, wakafika robo fainali. Kama nafasi zingegawiwa kwa sifa za zamani za kila nchi katika soka la wanawake, wasingepanda hata ndege. Fungu la eneo liliwafikisha uwanjani, na kazi iliyobaki waliifanya wao.

Hoja ya pili ni ya mvulana anayeachwa. Mwanaume aliyemaliza wa 35 katika hesabu yetu ya awali, au mvulana wa Kibiti mjini aliyeachwa ili msichana wa delta apande gari, huuliza kosa lake ni lipi. Anastahili jibu la heshima. Hana kosa. Lakini nafasi aliyoikosa haikuwa yake kwanza kisha ikanyang'anywa. Ilikuwa ikimfikia kwa sababu wengine hawakufika kuigombea. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mvulana huyo adai mashindano zaidi na nafasi zaidi, na katika dai hilo msichana atasimama naye.

Hoja ya tatu ni fedha, na hii ndiyo nzito kuliko zote. Safari ya mwanafunzi mmoja wa delta inagharimu kuliko ya mwenzake wa barabarani, na halmashauri ina mahitaji mengi. Wengine huongeza kwamba watu wa delta ni wachache, kwa nini watumie sehemu kubwa? Jibu langu ni kwamba kugawa fedha sawasawa kwa kila mwanafunzi, wakati mmoja analipa nauli ya gari na mwingine analipa boti, mafuta, gari na malazi, ni kumtoza wa delta kwa mahali alipozaliwa. Zaidi ya hapo, si lazima watoto wote ndio wasafiri, kama nitakavyoeleza.

Kinachowezekana

Kwa traiathloni ndefu, naona haki inataka mambo matatu kwa pamoja. Nafasi za wanariadha wa kulipwa ziwe sawa kwa jinsia zote, kwa kuwa huo ni ubingwa wa wanawake na ubingwa wa wanaume, na hakuna uliye mdogo. Kwa washiriki wa kawaida, wanawake watengewe sehemu ambayo haiwezi kushuka hata mbio fulani zikiwa na wanawake wachache, ndipo uwiano na viwango vitumike kugawa kilichobaki. Na nafasi ambayo mwanamke ameiacha iteremke kwa mwanamke anayemfuata, isihamie upande wa wanaume. Kipengele hiki cha mwisho kinaonekana kidogo, lakini ndipo nafasi nyingi hupotelea.

Kibiti inaweza kuchukua misingi hiyohiyo bila kungoja mtu wa nje. Kwanza, timu ya halmashauri ihesabiwe kwa vichwa: wasichana wangapi, wavulana wangapi, kwa michezo yote pamoja, na tofauti ielezwe hadharani. Pili, mchujo uende delta. Afisa michezo na walimu wawili wenye saa za kupimia muda, futi ya kupimia kuruka na mpira wa netiboli wanaweza kufika Nyamisati au Mbwera kwa gharama ndogo kuliko kuwasafirisha watoto 40. Anayefikia kiwango huko awe amefuzu, asitakiwe kuja kujaribiwa upya nchi kavu. Tatu, delta itengewe nafasi zake za wasichana, na mmoja asipoweza kusafiri, apewe mwenzake wa delta anayemfuata. Leo nafasi ya namna hiyo inamwangukia kwa urahisi aliye karibu na gari. Nne, boti, matroni, malazi na pedi viandikwe kwenye bajeti kama sehemu ya nafasi yenyewe. Nafasi isiyo na nauli ni jina kwenye karatasi.

Tano, tarehe zipangwe kwa kutazama maji na mpunga. Wavuvi wote wa delta wanajua bamvua litakuwa lini, na kuwauliza hakugharimu kitu.

Mfano wa kuanzia upo nchini. Mwaka 2017 Baraza la Michezo la Taifa na shirika la Japani la JICA walianzisha mashindano ya riadha ya wanawake yaitwayo Ladies First, na Juma Ikangaa, bingwa wa New York Marathon ya 1989, akashiriki kama balozi wa JICA. Wazo lake kuu lilikuwa kuwafungulia wanawake uwanja wao wenyewe bila kungoja mabaki ya uwanja wa wanaume, na kuwaita kutoka mikoani. Kinachokosekana ni kulishusha wazo hilo ngazi mbili chini, kutoka mkoa hadi kata, na kulipandisha boti.

Mtu anayetaka kujua kama nafasi zimegawanywa kwa haki asianzie kwenye orodha ya walioshinda. Aombe orodha ya waliochaguliwa na shule zao wasifike kwenye mchujo, pamoja na sababu ya kila mmoja: mafuta, malazi, shamba, mzazi, maji. Kona hawana orodha hiyo, na ndiyo maana bado wanabishana kwa kuhesabu waliofika. Kibiti inaweza kuwa nayo msimu ujao kwa gharama ya daftari moja kila kata. Walimu wa michezo waanze kuiandika, na halmashauri ikubali kusomewa kabla haijapitisha majina ya timu.